Nataka kujiunga na klabu ya ndege za rimoti: nijiandae vipi kabla ya kurusha mara ya kwanza?

Mgeni_wa_Anga

Habari za humu wadau. Nina ndege ya kujifunzia ya povu gumu (EPO), bawa la juu, mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, chaneli nne, mota ya umeme. Betri ni lipo (lithiamu polima) ya seli tatu, 2200 mAh, na rimoti ni ya 2.4 GHz. Mpaka sasa nimerusha kwenye simuleta tu, na sitaki kuanzia kwenye kiwanja cha mpira chenye watoto wanaokimbia huku na huko. Nataka kujiunga na klabu nijifunze kwa utaratibu.

Naomba kujua: niwaulize nini kabla sijalipa uanachama? Ndege niikague vipi kabla ya kuipeleka? Na kwenye mstari wa marubani kuna taratibu gani ambazo mgeni huzivunja bila kujua? Mwenye maelezo ya kina asichoke kuandika, nitasoma yote.

BawaJuu

Karibu mkuu. Umeamua vizuri. Ndege ya ukubwa huo ikiwa tayari kuruka huzidi kilo moja, na propela yake inakata nyama bila shida. Si kitu cha kujaribia karibu na watoto.

Ziara ya kwanza nenda bila ndege. Chagua siku ambayo watu wanarusha, kaa nyuma ya uzio wa watazamaji, uangalie. Marubani wanasimama pamoja au kila mmoja yuko pembe yake? Kabla ya kupaa na kutua wanapaza sauti? Akitokea mtu kurusha juu ya maegesho ya magari, kuna anayemwambia ateremke, au wote wanatazama pembeni? Hapo ndipo utaijua klabu, kuliko kwenye karatasi yake ya sheria. Angalia pia kama kuna kizima moto, ndoo ya mchanga na sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika haraka.

Kisha waulize kuhusu bima. Klabu nyingi ziko chini ya chama cha taifa, mfano AMA kule Marekani au BMFA Uingereza, na uanachama huja na bima ya madhara kwa mtu mwingine au mali yake. Ndege yako ikivunjika hiyo ni juu yako. Uliza bima inaanza siku gani, na kama inamhusu mwanafunzi akiwa chini ya mwalimu kabla uanachama haujakamilika. Klabu nyingine huruhusu safari chache za majaribio kwa mgeni, nyingine hapana kabisa.

Waulize na sheria za anga za nchi. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha mita 120 juu ya ardhi (Marekani wanasema futi 400), na nyingi zinadai usajili kuanzia uzito wa gramu 250, kwa hiyo wewe tayari umo. Namba ya usajili hubandikwa kwenye ndege yenyewe. Na popote pale, ndege yenye binadamu ndani ndiyo yenye haki ya anga: ukisikia helikopta inakuja, teremka kwanza, mengine baadaye.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau mpaka wameshanunua rimoti: modi. Modi 2 ina nguvu ya mota na usukani wa mkia kwenye stiki ya kushoto, eleveta (kipande cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) na eleroni (vipande vya mabawani vinavyoilaza ndege ubavu) kulia. Modi 1 inabadilisha nafasi ya nguvu na eleveta: nguvu kulia, eleveta kushoto. Kama walimu wa klabu wote ni wa modi 1 na wewe una modi 2, mwalimu atapata shida kukuokoa kwa sekunde mbili alizonazo. Uliza mapema. Kufundisha vidole upya ni kazi ya miezi.

Uliza pia kama wanafundisha kwa rimoti mbili zilizounganishwa, kwa waya au bila waya. Mwalimu ana rimoti kuu yenye swichi. Akiishikilia, wewe unaendesha. Akiiachia, ndege inarudi mikononi mwake papo hapo. Njia hii inaokoa ndege nyingi kuliko ile ya kupokezana rimoti moja, maana makosa ya mwanzo hutokea karibu na ardhi na hakuna muda wa kupokezana. Ila rimoti mbili lazima zielewane: mfumo mmoja, na mwelekeo wa kila chaneli uwe sawa. Hilo lijaribiwe mota ikiwa imekatwa.

Klabu nyingi zina mtihani mdogo kabla ya kukuruhusu uruke peke yako. Cheti cha A cha BMFA, kwa mfano, kinataka ukaguzi kabla ya kuruka, kupaa, kuchora nane angani, mzunguko wa mstatili, kutua, kutua kwa kuigiza injini iliyozima, na maswali ya usalama. Hata kama klabu yako haina mtihani, orodha hiyo ni ratiba nzuri ya mazoezi.

FundiServo

Nitajibu la ukaguzi. Ndege nyingi zinazoanguka kwenye safari ya kwanza huwa zimeshaharibikiwa zikiwa bado chini: uzito umekaa nyuma, eleroni zimegeuka, waya umelegea. Mwalimu mzuri atakagua yote haya kabla hajaigusa rimoti yako, lakini wewe ukiyamaliza nyumbani hutapoteza siku nzima uwanjani unatafuta skrubu.

Anza kwa kuvua propela. Usiirudishe mpaka umalize kila kitu kinachohitaji umeme. Mota ya umeme haina huruma ya injini ya mafuta: ikigonga kidole haizimi, inaongeza ampea na kuendelea kusukuma.

Kitovu cha uzito. Weka betri mahali pake, funga bawa, kisha inua ndege kwa ncha za vidole chini ya bawa, kimoja kila upande karibu na kiwiliwili. Kijitabu cha ndege kitakuambia alama iko wapi. Kama kimepotea, kwa ndege ya kujifunzia yenye bawa la kawaida anzia kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Bawa la upana wa milimita 220 linakupa kati ya milimita 55 na 73. Ndege ikae mlalo au iinamishe pua kidogo. Pua nzito inafanya ndege iwe mvivu na itue kwa kasi, lakini inatawalika. Mkia mzito unafanya eleveta iwe kali mno, ndege inapandisha pua yenyewe, inapoteza mwendo na kudondoka. Rekebisha kwanza kwa kusogeza betri, kabla ya kufikiria kuongeza uzito wa madini ya risasi puani.

Mwelekeo wa usukani. Simama nyuma ya ndege, pua ikiangalia mbele. Vuta stiki ya eleveta kwako: ukingo wa nyuma wa eleveta uinuke. Sukuma eleroni kulia: eleroni ya kulia iinuke, ya kushoto ishuke. Usukani wa mkia kulia: uelekee kulia ukitazama kutoka nyuma, na gurudumu la pua nalo lielekee kulia. Kwa eleroni kuna njia ya haraka: shika stiki kidole gumba kikiwa kimesimama wima, ilaze upande mmoja. Kidole kitaelekea bawa ambalo eleroni yake inatakiwa kuwa juu. Fanya hivi kabla ya kila safari ya kwanza ya siku na kila baada ya matengenezo. Eleroni zilizogeuka hazionekani ndege ikiwa inakimbia ardhini. Unazigundua ikiwa mita mbili juu, na hapo umeshachelewa.

Chunguza pia kama rimoti iko kwenye kumbukumbu ya ndege hii. Rimoti nyingi zinahifadhi ndege kadhaa, na ukichagua jina la ndege nyingine mielekeo na vipimo vyote hubadilika. Baadhi ya mifumo hukataa kuungana ukikosea jina, mingine inaungana bila kusema neno.

Bawaba: shika kila kipande cha usukani ukivute kwa nguvu ya wastani. Kikilegea sasa ni bora kuliko kilegee angani. Klevisi (vibanio vya ncha za fimbo) zilizo kwenye pembe za usukani zifungwe na kipete cha mpira ili zisifunguke kwa mtetemo. Stiki zikiwa katikati, mikono ya servo (mota ndogo zinazosogeza usukani) isimame wima kwa fimbo zake. Servo inayounguruma muda wote imekwama mahali au fimbo yake inasugua, na inakula umeme wa risiva (kipokea mawimbi kilicho ndani ya ndege) bure.

Antena za risiva. Kama ziko mbili, zilaze kwa nyuzi 90, moja kwa nyingine, mbali na betri, waya nene za mota na chochote cha kaboni. Ile ncha iliyovuliwa ganda, yenye urefu wa takriban milimita 31, ndiyo inayopokea mawimbi. Isikunjwe, isikatwe, isifungwe kwa gundi ya moto. Upande wa rimoti, usielekeze ncha ya antena kwa ndege kama unanyoosha kidole, kwa sababu mawimbi ni dhaifu zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni.

Felisefu. Hii ndiyo amri ambayo risiva inafuata mawimbi yakikatika. Kwa ndege ya umeme ni lazima ikate mota kabisa. Risiva nyingi hujifunza nafasi hiyo siku ya kuunganishwa na rimoti, kwa hiyo unganisha ukiwa na stiki ya nguvu chini kabisa. Ukiunganisha ikiwa juu, umeifundisha ndege kukimbia kwa nguvu zote ikipotea. Jaribu hivi: propela imevuliwa, ndege imeshikwa, washa mota robo, zima rimoti. Mota isimame ndani ya sekunde chache. Isiposimama, ndege hiyo haiendi uwanjani.

Jaribio la umbali. Rimoti za kisasa zina kitufe au menyu ya kupunguza nguvu ya mawimbi kwa ajili ya kazi hii. Mwenzako aishike ndege, wewe rudi nyuma kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu chako, mara nyingi kama mita 30, ukitikisa usukani wote. Rudia mota ikiwa inazunguka, maana kuna hitilafu zinazojificha mpaka umeme mkubwa uanze kupita. Servo zikistuka au kuchelewa, tafuta sababu. Usijiambie kwamba angani itakuwa nafuu kwa vile nguvu ya mawimbi itakuwa kamili.

Mwisho rudisha propela. Upande wenye maandishi unaangalia mbele, kwa maana ya kule ndege inakokwenda. Ikifungwa kinyume bado inasukuma, lakini kwa udhaifu, na utalaumu mota. Propela yenye mkwaruzo unaonasa kucha, itupe. Haigundishwi.

MkiaWaV

Naongezea moja kwa FundiServo. Ndege nyingi za kujifunzia siku hizi zinakuja na kifaa cha kuituliza ndege kilichomo ndani ya risiva. Kifaa hicho nacho kina mwelekeo wake, na kukagua stiki peke yake hakutoshi. Kiwashe, shika ndege mkononi (mota imekatwa), uiinamishe bawa la kulia chini: eleroni ya kulia ishuke yenyewe ili kuliinua bawa. Inua pua: eleveta ishuke. Ikifanya kinyume, ndege itazidisha kila mtikisiko badala ya kuupunguza, na itapinduka sekunde ile ile inapoacha ardhi.

Pia uiache ndege itulie bila kuguswa unapochomeka betri. Vifaa hivi hupima mlalo wake mwanzoni. Ukiwa unaitembeza wakati huo, kitaanza na kipimo kibovu.

Mgeni_wa_Anga

Shukrani nyingi, nimeanza na propela tayari. Rimoti yangu ni modi 2 na nimeshauliza, walimu wawili wa klabu wanatumia hiyo hiyo. Sasa naomba la betri, maana nimesikia mengi ya kutisha. Na kuna jamaa anataka kunipa rimoti yake ya zamani ya 35 MHz bure, niichukue?

SeliTatu

Rimoti ya 35 MHz iache, au ichukue kwa ajili ya kumbukumbu. Ilitumika Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya kama 72 MHz ilivyotumika Marekani. Watu wawili wakiwasha kwenye chaneli moja ya mawimbi, ndege iliyo angani inaanguka. Ndiyo maana klabu ziliweka ubao wenye vibanio vya namba za chaneli: huna kibanio, huwashi. Kwa 2.4 GHz rimoti na risiva vinatambuana na hatari hiyo imeondoka. Ila ukiikuta klabu ambayo bado ina ubao, jua kuna mwanachama wa rimoti ya zamani, na uheshimu.

Kuhusu lipo, hofu ipungue na umakini uongezeke. Seli ikijaa ni volti 4.2, kwa hiyo betri yako ya seli tatu ni 12.6. Chini ya volti 3.0 kwa seli inaharibika. Ukishatua na kuiacha ipumzike dakika chache, kila seli isiwe chini ya 3.7 hivi. Kama hutarusha ndani ya siku mbili tatu, irudishe kwenye volti 3.8 hadi 3.85 kwa seli, na chaja nzuri ina programu ya kuhifadhi inayofanya hivyo. Betri inayokaa imejaa wiki nzima inazeeka haraka, inavimba, na inaishiwa nguvu pale unapoihitaji kupaa.

Kuchaji: ampea 2.2 kwa betri ya 2200 mAh, yaani kiasi kinachoijaza kwa takriban saa moja. Chagua programu ya lipo na seli tatu, na uchomeke ile plagi nyeupe ndogo ya kusawazisha kila mara. Moto mwingi huanzia kwenye mambo mawili: mtu kachagua aina isiyo sahihi ya betri, au kachaji betri iliyokwisha kuumia. Chaji juu ya tofali, vigae au zege, mbali na pazia na kapeti, na usiondoke. Ukitumia sanduku la chuma usilifunge kwa kubana, moshi lazima uwe na pa kutokea. Betri iliyovimba, yenye harufu tamu ya dawa, au iliyobonyea baada ya ajali haichajiwi tena.

Sasa muda wa kuruka. Usisubiri mota ikatike yenyewe. Kidhibiti mota kikiona volti zimeshuka kinakata mota na kubakiza umeme wa servo, lakini hapo umelazimika kutua popote ulipo. Weka saa kwenye rimoti. Safari ya kwanza ruka dakika nne, tua, chaji, usome chaja imerudisha mAh ngapi. Tuseme 1000. Maana yake unatumia 250 kwa dakika. Kikomo chako ni asilimia 80 ya 2200, yaani 1760, ambayo ni dakika saba. Basi weka saa ilie kwenye dakika ya sita, kwa sababu mwanafunzi huhitaji kujaribu kutua zaidi ya mara moja.

Mpangilio wa kuwasha: rimoti kwanza, stiki ya nguvu chini, swichi ya kukata mota imefungwa, halafu ndipo betri ya ndege. Kuzima ni kinyume: betri ya ndege kwanza, rimoti mwisho. Betri ikishachomeka ihesabu propela kama inayozunguka, hata kama imetulia. Usipitishe mkono mbele yake, na mtu yeyote asisimame ubavuni mwake kwenye usawa wa mzunguko, maana kipande kikikatika ndiko kinakorukia.

MarubaniMstarini

Haya, la mstarini ndilo langu, na ndilo ambalo mgeni hukosea kwa nia njema kabisa.

Kiwanja cha klabu kina mistari mitatu hata kama haijachorwa: njia ya kurukia, mstari wa marubani pembeni yake, na nyuma eneo la kuandaa ndege na watazamaji. Ndege haivuki kuja nyuma ya mstari wa marubani, kwa urefu wowote, kwa sababu yoyote. Kuokoa ndege si sababu. Ikikushinda na inaelekea kwa watu, kata mota na uiangushe mbele ya mstari. Povu linagundishwa.

Kuendesha ndege kwa magurudumu ndani ya eneo la kuandaa hakuruhusiwi. Unaibeba au unaisukuma mpaka lango la njia, na betri huchomekwa pale panaporuhusiwa, ndege ikiwa imezuiwa mkia au imeshikwa na mtu.

Simama karibu na marubani wengine, kiasi cha kusikizana bila kupiga kelele. Kila kitu kinatangazwa: "Napaa!", "Natua!", "Napita chini!", na ukitaka kwenda kuokota ndege, "Niko uwanjani!" Kisha subiri wenzako wajibu kabla hujakanyaga njia. Hapa ndipo mgeni anapoteleza: anatangaza na kuingia kwa wakati mmoja. Ukitoka sema "Uwanja uko wazi". Anayetua ana haki kuliko anayepaa, na aliyepaza sauti "Injini imezima!" ana haki kuliko wote. Ukisikia hivyo, panda juu, sogea mbali, muachie njia.

Upepo. Kwa safari za mwanzo usizidi kilomita 15 kwa saa, na uwe unavuma sambamba na njia, sio kuikata. Paa ukiukabili upepo. Ongeza nguvu taratibu, usiirushe stiki juu kwa ghafla: mota nyingi zinavuta pua kushoto, na utahitaji usukani wa mkia kidogo kulia mpaka iache ardhi. Panda kwa mwinuko mdogo, na kona ya kwanza iwe ya kuondoka mstarini, kamwe isiwe ya kuwajia watu.

Ukifika mita 50 au 60 shusha nguvu hadi nusu hivi, mwalimu arekebishe trimu (marekebisho madogo ya usukani kwenye rimoti) mpaka ndege ijiendee sawa mikono ikiwa imeachia stiki. Punguza pia ukali: mwendo wa usukani asilimia 70, na ekspo ya asilimia 25 hadi 30 ili katikati ya stiki pawe laini. Angalia alama, kwenye rimoti za Futaba ekspo ya kulainisha huwekwa kwa alama ya kutoa, kwenye Spektrum kwa ya kujumlisha. Ukikosea alama unapata stiki kali maradufu pale pale ulipotaka ulaini.

Kuhusu ndege inayokujia: kulia kwake ni kushoto kwako, na ubongo wa mwanafunzi hukwama hapo. Usipige hesabu. Peleka stiki ya eleroni upande wa bawa lililoinama, kama unaliwekea nguzo chini yake. Ndege itakaa mlalo. Ukipoteza kabisa mwelekeo na una urefu wa kutosha, punguza nguvu na uachie stiki. Mabawa ya ndege ya kujifunzia yameinuka kidogo kwenye ncha, na hurudi yenyewe kwenye mlalo ukiipa nafasi. Wengi huangusha kwa kuvuta eleveta wakati ndege imelala ubavu: hapo eleveta haipandishi, inakaza kona na kuizungusha chini.

Kosa linalovunja ndege nyingi zaidi ni la kona ya mwisho kabla ya kutua. Ndege ikiwa inakwenda na upepo, inaonekana ina kasi kubwa ukiipima kwa ardhi. Mwanafunzi anapunguza nguvu. Lakini bawa halijui ardhi, linajua hewa inayopita juu yake, na hewa hiyo tayari ni ndogo. Anakata kona, anaona inashuka, anavuta eleveta. Bawa la ndani linaacha kubeba na ndege inadondokea ubavu. Kwa hiyo kona ya mwisho ipigwe ukiwa na nguvu kidogo, pana, pua imeinama kiasi. Ukishaukabili upepo, tawala mwendo kwa eleveta na mteremko kwa nguvu ya mota: ukiona itafika fupi, ongeza nguvu, usivute pua. Ukiona mambo hayakai sawa hata kidogo, ongeza nguvu mapema, panda, zunguka tena. Hakuna mwalimu atakayekulaumu kwa mzunguko wa pili.

Na usivuke jua. Ndege ikipita mbele ya jua unaipoteza, na ukiipata tena hujui inaelekea wapi. Miwani nyeusi na kofia yenye ukingo ni vifaa vya kazi.

Mgeni_wa_Anga

Nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho: ikianguka nje ya uwanja, au ikanasa mtini, utaratibu ni upi?

SeliTatu

Shusha stiki ya nguvu chini kabisa kabla haijagonga, au papo hapo ikigonga. Mota iliyokwama kwenye nyasi huku inasukumwa huunguza kidhibiti chake, na hapo moto uko karibu. Usizime rimoti. Kama felisefu ilipangwa vibaya, ukiizima mota inaweza kuwaka wakati unainyooshea mkono. Nenda na rimoti, fungia swichi ya kukata mota, mwenzako abaki mstarini akikuelekeza: kabla hujaondoka, chagua mti au jengo lililo kwenye mstari wa mahali ilipopotelea, maana umbali huonekana mfupi kuliko ulivyo. Mtini usipande na rimoti mkononi, na ikinasa kwenye nyaya za umeme usiiguse kabisa, waite wenye nyaya.

Ukiifikia, betri itoke kwanza. Iweke wazi kwenye mchanga au ardhi tupu, mbali na nyasi kavu na gari, uitazame robo saa kwa uchache. Lipo iliyogongwa inaweza kuanza kutoa moshi baada ya kuonekana salama. Usiiweke kwenye buti la gari siku hiyo.

FundiServo

Na kabla ya kuirudisha angani, hata kama nje haina alama: zungusha kila servo taratibu kwa stiki kutoka mwisho hadi mwisho. Ikiruka au kukwama sehemu moja, jino la gia limekatika, badilisha. Tazama kiti cha mota kama kimepasuka nyuma, pale ambapo kifuniko cha pua hukificha. Kisha rudia kitovu cha uzito, maana gundi nayo ina uzito na mara nyingi huingia mkiani, na rudia jaribio la umbali kama ndege mpya.